Jirani wa Sikio

Ilikuwa jioni ya mvua za vuli, saa kumi na mbili na ushei, pale kituo cha matatu cha Kangemi ambapo barabara ya Waiyaki hupita juu na moshi wa majiko ya mahindi hupanda kutoka chini, niliponunua hindi la kuchoma lililokomaa kupita kiasi, nikalipaka pilipili na ndimu kama ilivyo ada ya mji huu, nikauma mara ya tatu au ya nne, na papo hapo mbele ya sikio langu la kulia pakalia kitu mfano wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Sikulifanya jambo kubwa. Nililimaliza hindi langu, nikafuta mikono, nikaenda zangu nyumbani. Siku ya pili yake sikio likaanza kuniuma. Siku ya tatu maumivu yakateremka mpaka katika gego. Na juma lilipokwisha yalikuwa yamepanda panja na kukaa humo kama mpangaji asiye na nia ya kuhama.

Muuza dawa mmoja katikati ya jiji aliniuzia, kwa nia njema kabisa, matone ya sikio. Matone yalikwisha, sikio likabaki safi kama lilivyokuwa, na maumivu yakabaki mahali pake. Kisha nikapanda ngazi za zahanati moja miongoni mwa zile zilizo orofani juu ya maduka, ambazo vibao vyake vya jino jeupe lenye tabasamu huwaita wapita njia, na humo, baada ya mazungumzo yasiyozidi dakika tano, gego langu la chini likang'olewa. Nilitoka na pamba kinywani na faraja moyoni; lakini faraja ile iliishi muda ule ule ilioishi ganzi, na usiku ulipoingia yale maumivu yalikuja tena, safari hii yakiwa na mwenzi, yaani kidonda cha pengo.

Mtu wa tatu niliyemwendea alikuwa daktari wa meno, bibi wa makamo, mwenye chumba chake pande za Hurlingham. Huyu hakukimbilia kuniangalia kinywani. Alisimama mbele yangu, akaweka ncha za vidole vyake mbele ya masikio yangu yote mawili, akasema, "Fungua kinywa, mzee, pole pole. Haya, funga. Fungua tena." Akabonyeza shavu, akabonyeza panja, nami nikaruka kitini kwa uchungu. Kisha akaketi, akaniambia maneno ambayo ningali nayakumbuka: "Mzee wangu, sikio lako halina neno, na jino lile halikuwa na neno. Anayelia ni huyu jirani yao."

Huyo jirani ni kiungo cha taya, na makala haya ni habari zake.

Weka ncha za vidole vyako viwili vya shahada mbele ya matundu ya masikio yako, kisha ufungue kinywa na kukifunga. Kile unachokihisi kikizunguka na kuteleza chini ya ngozi ndicho kichwa cha taya la chini, nacho kimekaa katika kishimo cha mfupa wa panja, mfupa ule ule ambao ndani yake sikio limejengewa nyumba. Goti hukunja na kukunjua kama bawaba ya mlango, na bega huzunguka kama mchi kinuni. Lakini kiungo cha taya hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani kwanza huzunguka papo hapo mfano wa bawaba, na kinywa kinapozidi kupanuka kichwa cha taya huondoka katika kishimo chake, kikateleza mbele na kushuka mteremko mdogo wa mfupa, kama mtoto wa meza anapovutwa. Fauka ya hayo, viungo hivi ni viwili, kulia na kushoto, navyo vimeungwa na mfupa mmoja wenye umbo la kiatu cha farasi, hata kimoja hakiwezi kusogea bila ya mwenzake kusogea. Kwa hiyo anayetafuna upande mmoja tu akidhani anaupumzisha upande wa pili hajaupumzisha, bali ameubadilishia kazi. Na kati ya kichwa cha taya na kishimo chake pana kisahani chembamba cha gegedu ngumu ambacho huandamana na kichwa kila kiendako, kuzuia mfupa usisagane na mfupa.

Ujirani wa kiungo hiki na sikio ni wa kale kuliko binadamu mwenyewe. Wanazuoni wa maumbile wamethibitisha ya kuwa miongoni mwa vifupa vitatu vidogo vinavyopokeza sauti ndani ya sikio letu, viwili, kile kiitwacho nyundo na kile kiitwacho fuawe, vilikuwa sehemu ya kiungo cha taya katika ukoo wa kale wa wanyama watambaao, kabla ya kuhamia sikioni na kupewa kazi mpya. Hata leo majirani hawa hawajatengana mbali. Mshipa wa fahamu wa tano wa kichwani, ambao hugawanyika matawi matatu na kuenea usoni, ndio unaopeleka ubongoni habari za meno, za ufizi, za panja, za misuli ya kutafuna, za kiungo cha taya na za sehemu ya sikio la nje; na kwa kuwa habari zote hizi hupita njia moja, ubongo huweza kupokea kilio ukakosea anwani ya aliaye. Hii ndiyo sababu mtu huapa kwa yakini kwamba ni jino linalomuuma, akalionyesha kwa kidole, na kumbe jino halina hatia.

Msomaji mwenye wasaa wa kupita Museum Hill, pale mji unapoagana na Westlands, afikirie kidogo juu ya mataya anapoingia Makumbusho ya Taifa. Katika hazina ya jumba lile limehifadhiwa fuvu lililopewa namba 406, lililopatikana Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana mwaka 1969 katika msafara wa Richard Leakey, la kiumbe mfano wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Utosini mwake pana ukingo wa mfupa kama upanga wa jogoo, nao haukuwa pambo: hapo ndipo ilipojishikiza misuli mikubwa ya kutafunia, iliyopanda kutoka tayani, ikapita panja zote mbili hata kukutana juu ya kichwa. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1964, Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani aliyekuja kuwa mtafutaji mashuhuri kuliko wote wa masalio ya kale katika Afrika Mashariki, aliliona huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, taya zima la chini la kiumbe wa jamaa hiyo hiyo, lenye magego mapana ya kustaajabisha. Viumbe hawa walitafuna kutwa. Sisi tumeacha kutafuna kutwa, tumepewa unga, mchele na mkate laini, misuli yetu imepungua na utosi wetu umekuwa laini. Lakini tumejizulia kazi nyingine ya kuipa misuli hiyo, kazi isiyo na chakula ndani yake, nami nitaieleza punde.

Kwanza habari za mlio. Watu wengi wana mataya yanayolia, wala hawana maradhi. Kisahani kile cha gegedu kikiteleza kidogo mbele ya mahali pake, kichwa cha taya hulazimika kukiruka ili kukaa juu yake kinywa kinapofunguliwa, na mruko huo ndio mlio unaosikika. Ikiwa hakuna maumivu na kinywa hufunguka sawasawa, mlio huo hauhitaji tiba yoyote, na anayeuza tiba ya mlio mtupu anauza kitu ambacho mnunuzi hakihitaji. Shughuli huanza kisahani kinapogoma kurudi. Hapo mlio hunyamaza ghafula, mgonjwa akadhani amepona, kumbe mlango umefungwa, kwa maana kinywa hakifunguki ila kiasi cha vidole viwili, na taya huenda upande. Kipimo chake ni chepesi: mtu mzima mwenye siha aghalabu huweza kuingiza kinywani vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, vimepangwa kimoja juu ya kimoja, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, yaani kama milimita 40 au zaidi. Uko mlio wa namna nyingine, usio wa kijiti bali wa mchanga unaosagwa, nao hutokea zaidi kwa wenye umri, gegedu inapokuwa imechakaa kama inavyochakaa ya goti.

Hata hivyo, wengi wa wanaoumwa hawaumwi na kiungo chenyewe. Wanaumwa na misuli. Ukweli huu ulichelewa kufahamika, na habari ya kuchelewa kwake ina mafunzo. Mwaka 1934 tabibu wa masikio na koo wa St. Louis huko Marekani, James Costen, aliandika habari za wagonjwa waliolalamika maumivu ya sikio, mvumo masikioni na kizunguzungu, naye akatoa rai kwamba asili ya yote ni magego yaliyopotea, ambayo kukosekana kwake kunalifanya taya lifunge kupita kiasi na kuibana mishipa. Maradhi yakapewa jina lake. Wachunguzi wa maiti walipokuja kupima, waliona mishipa ile haikai mahali ambapo ingeweza kubanwa namna hiyo. Lakini kwa miaka mingi waganga wa meno waliendelea kuyakwangua meno mazima ya watu ili yapate kukutana kwa mizani waliyoitaka wao. Katika miaka ya 1950, Laszlo Schwartz wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwageuza macho watazame misuli inayokazwa na hali ya nafsi ya mgonjwa. Tangu hapo rai ya walio wengi imezidi kuegemea huko: sababu si moja, bali ni mkusanyiko wa mwili, nafsi na mazoea.

Mazoea hayo ndiyo ile kazi isiyo na chakula. Mtu aliyetulia, asiyekula wala kusema, midomo yake huweza kugusana, lakini meno yake ya juu na ya chini yapasa kuachana. Sasa nenda asubuhi ukawatazame walioketi katika matatu ya namba 46 itokayo Kawangware, au ya 23 itokayo Kangemi, iliyokwama katika msongamano ilhali saa ya kuripoti kazini inapita. Tazama mashavu yao, karibu na pembe ya taya, utaona vifundo vikicheza chini ya ngozi. Hao wanauma hewa. Mtu huuma hewa akiendesha gari, akikodolea macho kioo cha kompyuta katika ofisi za Westlands, akihesabu kodi ya nyumba inayofika kabla ya mshahara, akinyamaza mbele ya bosi jibu analolijua. Wala hajui kwamba anauma. Misuli ya kutafuna ina nguvu nyingi kwa udogo wake, na msuli uliokazwa kwa saa nyingi hulipiza kama mguu wa mpanda mlima unavyolipiza siku ya pili.

Wengine hufanya hivyo usiku, wakasaga meno hata anayelala nao akaamka. Kwetu inasemwa sana kwamba mtoto asagaye meno usingizini ana minyoo, na mama akafanya haraka kununua dawa ya minyoo. Dawa hiyo ni njema kwa mwenye minyoo. Lakini kusaga meno si ushahidi wa minyoo, maana watoto wengi wazima husaga na kuacha wenyewe kadiri wanavyokua. Kwa mtu mzima, usagaji huzidishwa na wahaka, na sigara, na pombe, na kahawa nyingi za jioni, na hata na baadhi ya dawa zinazotolewa kwa ajili ya sonona, jambo ambalo mgonjwa anapaswa kumweleza tabibu wake badala ya kuzikatiza dawa kwa hiari yake.

Siwezi kuipita miraa kimya, ingawa najua nitawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Miraa ya Meru na muguka wa Embu huuzwa leo katika vibanda vya kila mtaa wa jiji hili, kuanzia River Road hadi Kawangware, na mtafunaji hujaza shavu moja, aghalabu lile lile kila siku, akaketi nayo saa nne au sita. Hapo taya hupata mzigo mara mbili. Kwanza ni kutafuna kwenyewe, upande mmoja, bila ya pumziko. Na pili ni ile dawa iliyo ndani ya majani mabichi, kathinoni, ambayo ni ndugu wa dawa za kuchangamsha, na ambayo huifanya misuli ya taya ikaze hata baada ya takataka kutemwa. Sisemi kila mla miraa ataumwa taya. Nasema anayeumwa taya naye anakula miraa, halafu akatafuta daktari wa bei kubwa kabla ya kuipumzisha ile kazi ya shavu, anaanzia mwisho wa safari.

Kisha kuna majeraha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 juu ya mivunjiko ya taya katika Nairobi ulikuta kwamba chanzo kikubwa kilikuwa ni watu kupigana. Na katika miaka yetu hii bodaboda zimeongeza fungu lao katika wodi. Pigo la kidevu huweza kuvunja taya mahali pasipopigwa, kwa kuwa nguvu husafiri katika mfupa hata shingo nyembamba iliyo chini ya kile kichwa cha taya, huko karibu na sikio. Kwa mtu mzima hilo ni balaa. Kwa mtoto ni balaa yenye mkia mrefu, kwani mtoto aliyeanguka kwa kidevu, akashonwa kidonda cha ngozi na kurudishwa nyumbani bila ya kiungo kuchunguzwa, huweza baada ya miezi au miaka kushikana mfupa na mfupa, kinywa kikakataa kufunguka kabisa, kidevu kikadumaa, na hapo hapana tiba ila upasuaji mkubwa. Mzazi ambaye mwanawe ameangukia kidevu na aulizie kiungo cha taya kwa jina lake, akaangalie kinywa cha mtoto kinafunguka kiasi gani katika majuma yanayofuata.

Kuteguka kwa taya ni jambo jingine, la ghafula na la kutisha. Mtu hupiga mwayo mpana, au hucheka, au hukaa na kinywa wazi kwa muda mrefu kwa mganga wa meno, na kichwa cha taya hupita ule mteremko wake, kikaanguka mbele na kushindwa kurudi. Mgonjwa hubaki kinywa wazi, mate yakimtoka, wala hawezi kusema lililompata. Dawa yake ni ya kale mno. Hippocrates wa Uyunani, ambaye Waarabu walimwita Bukrati, aliieleza. Na Abu al-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliitia katika kitabu chake kikubwa Al-Tasrif. Mpaka leo msingi wake haujabadilika: mtu mmoja hushika kichwa, na tabibu huweka vidole gumba vilivyofungwa kitambaa juu ya magego ya chini, akalikandamiza taya chini na kulisukuma nyuma hata lirudi. Lakini jambo hili lifanywe na ajuaye, kwa sababu taya linaporudi hufunga kwa nguvu, na kitambaa hakitoshi kuvikinga vidole vilivyo kinywani.

Wala si kila kinywa kisichofunguka ni cha kiungo. Pepopunda hufunga taya, nayo huua. Jipu la gego la mwisho hukaza misuli. Na uvimbe wa taya la mtoto una tahadhari yake katika nchi zetu, kwani ni huko Mulago, Kampala, ambako Denis Burkitt aliwatazama watoto wenye mataya yaliyovimba, akaandika mwaka 1958 habari za saratani ambayo sasa inajulikana ulimwenguni kote kwa jina lake, na ambayo ikiwahiwa inatibika. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi yaweza kuwa ni ya moyo, na mwenye hayo asiende kwa mganga wa meno hata kidogo, aende hospitali saa ile ile. Homa, uvimbe unaokua, ganzi ya mdomo, kukonda bila ya sababu: haya nayo si ya kungojea.

Ukiyatoa hayo, yaliyobaki ni habari njema. Taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani imekadiria kwamba watu kati ya 5 na 12 katika kila 100 wana matatizo ya kiungo au misuli ya taya, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na walio wengi katika hao hupata nafuu bila ya kisu. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu na zaidi, na yaliyopewa daraja la juu humo si mashine wala sindano: ni mashauri ya kumfundisha mgonjwa kuyatawala mawazo na mazoea yake mbele ya maumivu, ni mazoezi ya taya chini ya uangalizi, ni kunyooshwa na kukandwa kwa misuli na mikono ya mtaalamu. Mwongozo ule ule umeonya dhidi ya vifaa vya kinywani vinavyobadili kabisa mkao wa meno, na dhidi ya kuking'oa kile kisahani cha gegedu.

Onyo hilo lina damu nyuma yake. Katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi walitiwa viungoni mwa taya vipande vya kubuni vilivyotengenezwa kwa Teflon. Vipande vikavunjikavunjika chini ya nguvu ya kutafuna, mwili ukavipiga vita, na mfupa wa jirani ukaliwa, hata serikali ya nchi ile ikaviondoa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliotiwa vipande hivyo walikwenda na maumivu ya misuli, wengine wao, wakarudi na mataya yaliyoharibika aushi. Kwa hiyo kanuni niliyoipata kwa yule bibi wa Hurlingham, nami naiona ni ya haki, ni hii: madhali maumivu haya mara nyingi huondoka yenyewe, lisifanywe mwanzoni jambo lolote lisiloweza kutanguliwa.

Mimi alinipa haya. Majuma mawili ya vyakula laini, yaani uji, viazi vya kupondwa, ndizi za kupikwa, maharagwe yaliyoiva kweli kweli, na kuaga mahindi ya kuchoma, muwa na nyama ya mifupani. Kitambaa kilichochovywa maji moto na kukamuliwa, kiwekwe shavuni kwa robo saa asubuhi na jioni. Dawa ya kutuliza maumivu kwa siku chache tu. Kushika kidevu kwa ngumi kila mwayo unapokuja, ili kinywa kisipanuke kupita kiasi. Na kutolala kifudifudi. La mwisho, ambalo nililidharau nikaja kuona ndilo lenye nguvu kuliko yote, lilikuwa kubandika kipande cha karatasi chekundu juu ya meza yangu ya kazi, na kila jicho likikiangukia nijiulize kama meno yangu yamegusana. Siku ya kwanza niliyakuta yamegusana karibu kila mara. Kwa wengine, hasa wasagao usiku, daktari hutengeneza kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaliwa wakati wa kulala, ambacho hukinga meno yasilike na kwa baadhi hupunguza maumivu. Nacho huvuliwa asubuhi bila ya kuacha alama.

Shida iliyobaki ni ya mipaka. Mwaka 2020 Akademia za Kitaifa za Marekani zilitoa ripoti iliyolalamika kwamba mgonjwa wa taya huanguka katika ufa ulio kati ya tabibu wa mwili na tabibu wa meno, kila mmoja akimwona ni wa mwenzake. Ufa huo nimeupima kwa nyayo zangu hapa hapa jijini. Hata hivyo Nairobi si mji wa kukosa wataalamu: Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na hospitali yake ya meno iko barabara ya Argwings Kodhek, mwendo wa matatu moja kutoka katikati ya jiji, nako kuna wapasuaji wa kinywa na uso kama walivyoko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Na kila anayetibu meno kwa haki katika nchi hii ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Kuuliza kama jina lake limo katika daftari hilo si utovu wa adabu.

Basi wewe msomaji, siku utakapoketi katika kiti kile cha kulaza, sikio linakuuma na gego linakuuma, na mtu mwenye koleo mkononi akakwambia lile gego ling'olewe, naye hajakuonyesha tundu wala uvimbe, mwombe kwanza akupige picha ya eksirei. Na wakati anapotayarisha mashine yake, weka vidole viwili mbele ya masikio yako, ufungue kinywa pole pole, usikilize.